Birika la Mwalimu Sanga na Vipeo Vyangu

Vijana wa idara ya Hesabu, mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya ubaoni, na kwa kuwa mmeomba kwa adabu nimekubali. Vyeo sitavitaja, na mshahara ndiyo kabisa. Nitaandika juu ya chaki, majedwali, vipeo, na mtu mmoja aitwaye Mwalimu Sanga, ambaye nimemwonea wivu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka leo nina mvi. Anayetaka kumbukumbu za mwalimu mwenye moyo mweupe atafute mstaafu mwingine.

Nilipangiwa shule moja ya Njombe nikiwa nimetoka chuoni, nikaripoti mwezi wa sita. Anayeijua Njombe ya mwezi wa sita hahitaji maelezo. Ukungu uliingia darasani kabla yangu, na wanafunzi wa nyuma niliwajua kwa sauti tu. Chaki zilikuwa na unyevu, nikiandika zinateleza bila kuacha alama. Kwa hiyo somo la kwanza nililojifunza kazini halikuwa la hesabu: chaki za kesho zilaze karibu na jiko. Najua siku hizi mna kalamu za wino na mbao nyeupe, lakini kuna shule bado zina chaki, na baridi haijahama.

Mkuu wa idara alikuwa Mzee Mgaya, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti jeusi la sufu alilolivaa hata jua likiwaka. Alinipokea kwa salamu ya huko, "Kamwene", nikaitikia "Kamwene", akanikabidhi kitabu cha majedwali kilichofunikwa kwa gazeti.

"Sweta utaazimisha," aliniambia. "Hiki hapana."

Ninyi mmekua na kalkuleta. Neno kikokotoo sitalitumia hapa, mstaafu akilisikia anakumbuka hesabu ya pensheni yake na presha inapanda. Sisi logi ya namba tuliitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, na Mzee Mgaya alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyepita mikononi mwake akausahau. Kila ukurasa, upande wa kulia, unachora mstari wa wima. Katikati ya ukurasa ni sebuleni, alisema, na pembeni ni jikoni. Kusoma majedwali, kuzidisha, kugawa, yote yafanyike jikoni, na sebuleni kije chakula kilichoiva. Ukiona daftari la mtu lina mstari ule, iwe Ludewa au Makete, unajua huyu ni wa Mgaya, au amefundishwa na wa Mgaya.

Kitu kingine mnachopaswa kujua juu yake ni kwamba hakusifu. Alikaa nyuma ya darasa lako, koti limefungwa mpaka juu, akasikiliza. Ukifundisha vibaya alisema "Hapana." Ukifundisha vizuri alisema "Haya." Basi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu katika shule ile. Nilitaka siku moja Mzee Mgaya aseme, kwa maneno kamili, kwamba vipeo ni vyangu. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, niliamua kwamba atasema kwa kunipa kidato cha tano na cha sita, kule vipeo vinakokuwa na heshima zao, na grafu zao, na milinganyo inayojaza ukurasa.

Alinipa kidato cha pili.

Kidato cha pili ndiko vipeo vinakoanzia, na ndiko watoto wanakochanganyikiwa. Waulize mbili kipeo cha tatu ni ngapi, watakujibu sita. Waandikie mbili kipeo cha x ni sawa na nane, watakuambia x ni nne, kwa sababu mbili mara nne ni nane na hawaoni shida iko wapi. Msiwacheke. Wanaona namba mbili zimesimama pamoja, wamezizoea kuzidishana, na namba ndogo iliyopanda juu wanaiona imekosea mahali pa kukaa.

Mtihani wa kweli ulikuwa kipeo cha sifuri. Kitabu kinasema jibu ni moja, na wanafunzi wanakariri, lakini macho yao yanasema mwalimu anadanganya. Sikuwa na kifaa cha kuonyesha. Niliandika tu ubaoni mbili kipeo cha tatu, nane. Chini yake kipeo cha pili, nne. Chini yake kipeo cha kwanza, mbili. Nikaweka chaki mezani.

"Tunashuka ngazi," nikasema. "Kila ngazi tunafanya nini?"

"Tunagawa kwa mbili, Madam."

"Na ngazi inayofuata?"

Walikodolea ubao. Binti mmoja wa mbele, Salome, aliyekuwa hajawahi kufungua kinywa tangu muhula uanze, akasema polepole, "Itakuwa moja." Halafu, kabla sijamuuliza, akaendelea, "Na chini yake nusu. Na chini yake robo. Madam, hii haifiki sifuri?"

"Haifiki."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Yule mtoto alitabasamu mwenyewe, akainama kwenye daftari lake. Mzee Mgaya alikuwa amekaa nyuma. Alisimama, akafunga koti, akasema "Haya," akatoka. Nilisubiri aongeze neno mpaka kengele ikagonga.

Mwaka uliofuata akaja Sanga.

Alitokea upande wa Bulongwa, mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya mtu anayeuza kitu. Utani wetu na Wakinga mnaujua, kwamba Mkinga hata akiingia kanisani anaangalia pa kuweka duka. Huyu hakuja na duka, alikuja na birika. Siku ya kwanza ya fankisheni za vipeo, kidato cha tano alichokishika kwa muda, aliingia darasani na birika la maji yaliyochemka kutoka jikoni kwa wapishi, na kipimajoto alichokiomba maabara. Akamimina maji kwenye kopo, akalikalisha kwenye meza ya mbele, dirisha wazi, baridi inaingia.

Kila baada ya dakika chache mwanafunzi mmoja anasoma joto, mwingine anaandika ubaoni. Halafu Sanga akawaambia waondoe joto la darasa, wabaki na tofauti tu. Zile tofauti zilishuka, lakini si kwa kutoa. Kila dakika hizo zikipita, ilibaki sehemu ileile ya tofauti iliyotangulia. Mwanzoni joto lilianguka, baadaye likawa linanyata tu. Wakachora grafu, ukatoka ule mlima wa kuteleza unaoinama na kuisogelea ardhi bila kuigusa. Darasa zima lilisimama kuitazama. Mimi nilikuwa nimepita koridoni kwa bahati mbaya, yaani kwa makusudi, nikaona yote kupitia dirishani.

Niliwaambia watoto maneno yaleyale mwaka mzima, haifiki sifuri, haifiki sifuri, na huyu bwana amewaonyesha kwa maji ya chai!

Mzee Mgaya alikuwa nyuma kama kawaida yake. Alisimama. Nikangoja "Haya."

"Safi sana, kijana," alisema.

Maneno matatu. Nilikwenda ofisini nikajifanya natafuta rula.

Mwisho wa muhula huo tulikaa kikao cha idara, sisi watatu na jiko la mkaa katikati. Mzee alitangaza kwa sentensi mbili. "Sanga, kidato cha tano na cha sita. Mligo, utabaki na kidato cha pili." Sanga aliniangalia haraka, kisha akaangalia jiko. Mimi nilijibu "Haya," nikiwa natumia neno lake mwenyewe, na nadhani alilisikia.

Vijana, wivu wa kazini haufanani na ule wa mapenzi. Wa mapenzi una mwisho, mtu anaondoka au anaolewa. Wa kazini unakunywa nao chai kila siku saa nne. Sanga alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alinikaribisha mihogo. Aliniulizia mama yangu. Wanafunzi niliowavusha mimi kidato cha pili, nikawafundisha sheria za vipeo moja baada ya nyingine mpaka sauti ikakauka, walifika kidato cha tano wakakutana na birika, na wakitoka shule wanasema, "Vipeo nilivielewa kwa Mwalimu Sanga." Salome mwenyewe alisema hivyo, mbele yangu, siku ya mahafali, huku ameshika mkono wangu.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Makambako. Niliyekuwa nimezoea ukungu nikakutana na upepo. Makambako ukiacha dirisha wazi, vitabu vinafunguka vyenyewe na vumbi la malori linakusahihishia kazi. Huko, hatimaye, nikapewa kidato cha tano, peke yangu, hakuna wa kugawana naye.

Nilikifundisha vizuri, nasema bila aibu. Chukueni mlinganyo kama huu: nne kipeo cha x, toa mbili kipeo cha x, toa mbili, sawasawa na sifuri. Mwanafunzi anaogopa. Mwambie nne ni mbili kipeo cha pili, kwa hiyo hapa kuna mtu mmoja aliyevaa nguo mbili. Mbili kipeo cha x muite y. Utapata y mraba, toa y, toa mbili, na hiyo wanaiweza tangu zamani: y ni mbili au hasi moja. Hapo wengi wanapiga mstari chini na kukunja mikono. Wamekwenda sokoni wamerudi na kapu tupu, maana walitumwa x. Warudishe. Mbili kipeo cha x ni mbili, basi x ni moja. Na ile hasi moja? Mbili ipande au ishuke kipeo chochote, haigeuki hasi, kwa hiyo jibu hilo linatupwa, na waandike sababu ya kulitupa. Asiyeandika sababu mnyimeni alama, atawachukia sasa na kuwashukuru baadaye, au hatawashukuru, kama ilivyonitokea mimi.

Maana hata Makambako walikuwapo waliomsikia. "Madam, kuna mwalimu Njombe anafundisha hii kwa birika, ni kweli?" Ni kweli, nikajibu, tuendelee.

Sasa nije kwenye usahihishaji wa mtihani wa majaribio. Walimu wa Hesabu tulikusanyika Makambako kutoka shule mbalimbali, tukapangwa kwa mkanda, kila mmoja swali lake, karatasi zinapita mkono kwa mkono. Kabla ya kuanza, mwongozo wa majibu unapitiwa ubaoni mbele ya wote. Swali la kutolingana aliliandaa Sanga, na ni Sanga aliyesimama kulifanya: nusu kipeo cha x iwe ndogo kuliko sifuri nukta sifuri mbili, tafuta x.

Alichora mstari wa pembeni, mtoto wa Mgaya yule. Akachukua logi pande zote mbili. Logi ya nusu ni hasi, logi ya sifuri nukta sifuri mbili nayo ni hasi. Akazipeleka jikoni, akagawanya, hasi kwa hasi zikafutana, likatoka jibu safi, tano nukta sita nne. Akalirudisha sebuleni, akaandika: x ni ndogo kuliko tano nukta sita nne. Walimu wote wakainama kunakili.

Mnaona kilichotokea? Ukigawa pande zote kwa namba hasi, alama lazima igeuke. Lakini zile hasi mbili zilimalizana kule pembeni, na alama iliyobaki katikati haikupata habari. Ni kosa la watu wetu kabisa. Asiyechora mstari wa Mgaya angeziona hasi zikiwa zimekaa palepale, angekumbuka kugeuza. Sisi tulifundishwa usafi mpaka tukafagia na kilichotakiwa kubaki.

Mimi nilikuwa na tabia yangu, niliyoianzisha kidato cha pili: ukipata jibu la kutolingana, chagua namba moja ndani ya jibu lako, irudishe kwenye swali. Si kazi ya kupendeza, haina mvuke wala kipimajoto. Nikanyoosha mkono. Sitawadanganya, mkono wenyewe ulinyooka ukicheka.

"Mwalimu Sanga, moja ni ndogo kuliko tano nukta sita nne?"

"Ni ndogo, Madam."

"Basi weka moja. Nusu kipeo cha moja ni nusu. Nusu ni ndogo kuliko sifuri nukta sifuri mbili?"

Kalamu zilizokuwa zikinakili zikasimama. Niliingoja nafasi ile tangu siku ya birika. Sanga akageukia ubao, akautazama, akarudi kunitazama. Halafu akapiga makofi, peke yake, kwa furaha ya kweli.

"Jamani, huyu dada ameniokoa! Ningewanyima alama watoto wa mkoa mzima waliopata." Akafuta, akaandika kubwa kuliko, kisha akawageukia walimu. "Kizio, ile namba ya chini, kikiwa kati ya sifuri na moja, kipeo kikipanda thamani inashuka. Mlinganyo hauna shida hiyo, kutolingana ndiko kunakotaka macho. Na mimi mzee mzima nimesahau. Mwambieni kila mwanafunzi, Sanga naye aliangukia hapa."

Wakacheka, wakampigia makofi. Mchana, kwenye wali na maharage, meza nzima ilikuwa ikizungumzia unyenyekevu wa Mwalimu Sanga. Mwalimu mkubwa kiasi kile, anakiri kosa mbele za watu! Mwalimu wa pembeni yangu aliniambia amejifunza kitu maishani. Nikamwomba anipitishie chumvi. Hata kukosea, Sanga alikosea vizuri kuliko nilivyopatia mimi.

Nimestaafu, mliniaga vizuri, asanteni kwa mablanketi. Wiki chache baadaye nilikwenda Njombe kumsalimia Mzee Mgaya. Sasa amezeeka sana, masikio yana shida, anaishi nje kidogo ya mji, katikati ya miti ya parachichi ya wanawe. Koti ni lilelile. Tulisalimiana, tukala viazi, tukazungumza juu ya mvua. Nikaona kwamba nisipouliza siku hiyo sitauliza tena.

"Mzee," nilipaza sauti, "kwa nini kidato cha tano ulimpa Sanga?"

Hakushangaa. Aliendelea kumenya kiazi.

"Kidato cha tano wanafika waliobaki, mwanangu. Wanaochukia hesabu wameshaondoka. Hao hata ukiwachemshia maji watafurahi." Akapuliza kiazi. "Watoto wanapotea kidato cha pili. Pale nilikuwa napoteza nusu darasa kila mwaka. Ukaja wewe na ngazi yako ya kushuka, wakaacha kupotea. Nikuondoe pale nimuweke nani? Mwalimu wa vipeo shule ile alikuwa wewe. Sanga nilimpa watu waliokwisha kufundishwa."

Nilirudisha kiazi changu sahanini.

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama nimeuliza moja jumlisha moja. "Mkubwa anamsifu mdogo wake usoni? Enzi zetu haikuwa hivyo. Nilimtuma mwenzako. Nilimwambia Sanga maneno haya haya, siku ile ile ya kikao, nikamwambia akufikishie."

Mnaelewa? Sifa yangu, ile moja niliyoitaka maisha yangu yote ya kazi, hata hiyo alikuwa nayo Sanga. Alikuwa nayo mfukoni tangu siku ile, wakati ananikaribisha mihogo.

Nilimpigia simu nikiwa bado uwanjani kwa Mzee. Naye amestaafu, yuko kwake Makambako, nikasikia upepo kwenye simu.

"Sanga, Mzee Mgaya alikutuma neno kwangu."

Nikasikia anafunga dirisha, upepo ukapungua.

"Alinituma, dada."

"Na hukulifikisha."

"Ningelifikishaje?" Sauti ya kuuza kitu haikuwapo tena. "Mimi aliniambia safi sana, kijana, kwa sababu nilikuwa na birika. Wewe akakuita mwalimu wa vipeo. Nilirudi nyumbani siku ile sikula. Kila nikikuona kwenye chai najiambia leo nitamwambia, halafu roho inakataa. Neno lile nililitaka liwe langu, dada. Nakuonea wivu mpaka leo."

Nilikata simu bila kuaga. Nikasimama kidogo kati ya miparachichi. Kisha nikampigia tena, nikamwambia mtandao wa huku ni mbaya, sikusikia vizuri, arudie.